Je, ni zambi kukosa tumaini?



Juma lililopita, baada ya maombi ya asubuhi, mama mmoja alitungojea kando ya mlango mpaka watu wote wakatoka. Akauliza kwa sauti ndogo: "Baba shemasi, mtu akikosa tumaini, amefanya zambi?" Watu hufikiri kwamba kazi ya shemasi ni kuwa na majibu, na kweli jibu lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Lakini tulilimeza. Mama yule tunamjua, na deni tulilo nalo kwake ni kubwa. Tulimwambia: "Mama, utupe siku chache." Tumemwomba pia ruhusa ya kuandika habari yake bila kutaja jina, naye amekubali.

Basi tuanze na deni lenyewe.

Wengi wetu hapa tumezaliwa au tumekomaa katika makimbilio. Vita iliyoanza Agosti 1998 ilitupata tukiwa vijana; tulilala porini, tulikula mizizi, tuliwazika watu bila sanduku na bila wimbo. Vita hiyo ilipokwisha kwa mapatano ya wakubwa mwaka 2003, tulifikiri imekwisha kweli. Lakini kuanzia mwaka 2013 Batwa na Baluba walianza kuuana katika jimbo letu, watu waliokuwa wamezoea kuuziana nyama na unga katika soko moja. Tarehe 30 Aprili 2015, hapa hapa Nyunzu, watu wenye mapanga, mishale na mashoka waliingia katika kambi ya Batwa waliokimbia vita, wakaua watu wasiopungua 30 na kuichoma kambi. Kadhalika Batwa wenye silaha walichoma vijiji vya Baluba na kuua. Ilipofika mwaka 2017 watu waliokimbia makwao katika jimbo la Tanganyika walikuwa wamepita nusu milioni.

Mume wa mama yule aliuawa katika miaka hiyo, katika njia ya shamba. Tunajua msomaji anataka kuuliza mara moja: mama huyo ni Muluba au ni Mutwa? Hatusemi, na hatusemi kwa makusudi. Ukiona kwamba huruma yako inangoja kwanza jibu la ulizo hilo, kaa nayo kidogo.

Mama alikimbia na watoto, akarudi, akajenga nyumba ya majani, akalima mihogo. Halafu ukaja mwaka 2019 na surua. Ndugu wanakumbuka: serikali ilitangaza ugonjwa ule Juni 2019, na mwanzoni mwa 2020 hesabu ya waliokufa katika inchi yetu ilikuwa imepita 6,000, wengi wao watoto wasiofika miaka mitano. Watu wa ng'ambo walikuwa wakisikia habari ya Ebola tu, kwa sababu Ebola ina jina kubwa. Surua ilizika watoto wengi zaidi, kimya kimya. Mtoto mdogo wa mama yule alikuwa mmoja wao.

Sisi tulikwenda kwenye kilio. Mama alikuwa chini, ananguruma zaidi kuliko kulia. Nasi tukasimama mbele yake, tukiwa na Biblia mkononi, tukamwambia: "Usilie hivyo, mama. Mwenye imani halii kama wapagani. Tumaini." Tena tukaongeza neno ambalo tunaona haya kuliandika: kwamba achunguze moyo wake kama hakuna zambi iliyofichwa nyumbani. Watu waliitika amina. Tulirudi nyumbani tukijiona tumefanya kazi.

Tangu siku ile mama hakuja kanisani kwa muda wa karibu mwaka na nusu.

Wapendwa, tunajua kwamba neno lile halikutoka kwetu peke yetu. Limezoeleka katika makanisa yetu, sisi tunaoombea wagonjwa na kuwawekea mikono. Mgonjwa akipona, tunasema imani imemponya. Asipopona, tunatafuta kosa: amekosa imani, ana zambi, au kuna mtu wa ukoo anayemla kwa ulozi. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa maana linaua watu wawili: mgonjwa anabaki na ugonjwa wake na hofu juu yake, na bibi kizee asiye na mtetezi anafukuzwa nyumbani kwa sababu ya kikohozi cha mtu mwingine. Tumeliona kwa macho. Mahali pengine tulinyamaza, wakati ilipasa kusema.

Lakini hebu tupime fundisho hilo kwa historia tunayoijua wenyewe. Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake ya kuponya tarehe 6 Aprili 1921, alipomwombea mama mgonjwa huko Ngombe Kinsuka. Mwaka huo huo Wabelgiji walimkamata. Mwezi wa Oktoba walimhukumu kifo na kupigwa fimbo 120. Mfalme Albert wa Ubelgiji akaigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta mbali na kwao, huku kwetu Katanga, katika jela ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Akakaa humo mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30. Mlango haukufunguka. Je, kuna mtu kati yetu atakayesimama na kusema kwamba mlango haukufunguka kwa sababu imani yake ilikuwa ndogo, au kwa sababu ya zambi ya siri? Hayuko. Kama hatuwezi kusema hivyo juu ya mtu aliyewaponya wengine na yeye mwenyewe akabaki gerezani, kwa nini tunasema juu ya mama mwenye nyumba ya majani?

Kuna jambo lingine katika habari ile ambalo halisemwi sana. Katika miaka 30 ile, mkewe, Marie Muilu, alibaki Nkamba akilinda kundi kwa siri, huku waamini wengi wakipelekwa uhamishoni katika majimbo ya mbali. Mtu aliye gerezani hawezi kulima shamba lake. Wengine hulilima kwa niaba yake. Hatujui moyo wa mfungwa ulikuwaje usiku kwa usiku, na hatutaki kuuongezea maneno. Lakini kazi haikukatika, kwa maana kulikuwa na watu nje walioibeba.

Hapo ndipo fikra zetu zilianza kugeuka. Siku zote tulifundisha kwamba tumaini ni kama mzigo wa kichwani, kila mtu na wake, na anayeuangusha ana hatia. Sasa tunauliza: vipi kama tumaini ni kama jeneza au kama machela, kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba?

Someni habari ya mtu aliyepooza, yule aliyeshushwa kwa Yesu kupitia juu ya nyumba. Watu wanne walimbeba. Walikuta mlango umejaa, wakapanda, wakabomoa paa la mtu mwingine (hatuambiwi nani alilitengeneza baadaye). Na Maandiko yanasema kwamba Bwana aliitazama imani ya wale waliombeba. Mgonjwa mwenyewe hatusikii akisema neno hata moja. Hatujui kama alitumaini. Pengine alikuwa amechoka na kuwaambia waache. Tumelihubiri somo hilo mara nyingi, nasi kila mara tulimtazama yule aliye kitandani. Wale wanne wenye jasho tuliwapita haraka.

Tazameni tena Eliya. Alipokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Nabii mkubwa, aliyekuwa ameshusha moto juzi tu, anasema basi, imetosha. Malaika hakumkemea. Hakumwuliza imani yako iko wapi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa chakula mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye, mlimani, baada ya siku nyingi. Kwanza mkate na usingizi. Na rafiki wa Yobu, wale watatu tunaowasema vibaya, walifanya jambo moja zuri kabisa: walikaa naye chini siku saba bila kusema lolote. Makosa yao yalianza siku walipofungua mdomo kueleza sababu.

Mtu atasema: shemasi, unaandika hayo kwa sababu unataka kujisamehe. Hapana. Tunayaandika kwa sababu zamu yetu pia ilifika.

Mwaka 2022 tulishikwa na kikohozi ambacho hakikuisha, homa ya usiku, jasho, nguo zikawa kubwa mwilini. Kilikuwa kifua kikuu. Wanaoujua ugonjwa huo wanajua dawa zake: miezi sita, vidonge kila siku, miezi miwili ya kwanza dawa za namna nne, miezi minne inayofuata namna mbili. Wengi huacha mwezi wa pili au wa tatu kwa sababu kikohozi kimekwisha na wanajisikia wazima. Ndipo ugonjwa unarudi mkali, na dawa zile zile hazina nguvu tena juu yake. (Ndugu mnaotumia vidonge hivyo, msiviache, hata baada ya kuombewa. Maombi hayashindani na vidonge. Tunaliandika hilo kwa herufi za kawaida, lakini lisomeni kama limeandikwa kwa herufi kubwa.)

Katika miezi ile, hasa wa kwanza na wa pili, hatukuweza kuomba. Sisi, tunaowafundisha wengine kuomba. Tulikuwa tukifungua kinywa na hakuna neno. Tulitazama ukuta. Tulihesabu watoto na kufikiri nani atawalipia masomo. Ndugu wawili walikuja kututazama, na mmoja, kwa moyo mwema, akatuambia tuchunguze kama hakuna zambi iliyofichwa. Lilikuwa neno letu wenyewe, limerudi nyumbani kama mbuzi anayejua zizi lake. Tuligeuza uso tukamkumbuka mama yule.

Aliyetupitisha katika miezi ile ni mama wa nyumbani kwetu. Hakuhubiri. Kila asubuhi alihesabu vidonge na kuvitia mkononi mwetu, akasimama mpaka tumemeza. Alitafuta samaki, alitafuta maharagwe, kwa maana dawa zile juu ya tumbo tupu zinapindua mtu. Jioni alisema sala fupi, kwa sauti, akitia na jina letu ndani, kama mtu anayetia saini kwa niaba ya asiyejua kuandika. Tulitumaini kwa kinywa chake. Kama Mungu alikuwa anahesabu tumaini nyumbani mwetu siku zile, yote ilikuwa yake.

Baada ya kupona tuliuliza: na mama yule, nani alimbeba katika ule mwaka na nusu? Tukasikia jibu. Ni bibi mzee mmoja wa kanisa, ambaye wote humwita Nkambo, asiyejua kusoma, asiye na cheo chochote, asiyewahi kusimama mbele kutoa ushuhuda. Alikwenda kwa mama yule karibu kila jioni. Alitwanga naye mihogo. Alichambua sombe. Kama mama alilia, Nkambo alilia. Kama alinyamaza, alinyamaza. Siku nyingine mama alimtukana na kumfukuza, naye akarudi kesho yake na kuni. Tulipomwuliza alimwambia nini mpaka akarudi kanisani, alishangaa. Alisema: "Mimi? Sikumwambia kitu. Nilikuwa naona ana mihogo mingi na mkono mmoja."

Tulifikiri hayo ni ya Nkambo peke yake, mpaka tulipopata habari ya Harare, katika inchi ya Zimbabwe. Huko, mwaka 2006, munganga wa akili aitwaye Dixon Chibanda aliona kwamba wagonjwa wa moyo uliovunjika ni wengi na waganga wa kazi hiyo wanahesabika kwa vidole. Akaanza na wanawake wazee 14 katika mtaa wa Mbare. Wakafundishwa kuketi na mtu juu ya benchi, chini ya mti, nje ya dispensari, wamsikilize, wamwulize katika matata yake yote ni lipi angependa kulishika kwanza. Washona wana neno lao kwa ugonjwa huo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi tunasema fulani ana mawazo mengi, na maana ni ile ile. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwa watu 573: baada ya miezi sita, kati ya waliopewa matunzo ya kawaida, karibu 50 katika kila 100 walikuwa bado na huzuni ile nzito, kati ya walioketi na wale bibi, 14 tu katika 100. Waganga wa dunia walistaajabu. Nkambo wetu asingestaajabu.

Tusidanganyane lakini. Wale 14 wako. Kuna maumivu ambayo hayaondoki kwa benchi wala kwa maombi wala kwa vidonge. Kuna mtu anayeamka usiku miaka kumi baada ya moto, akisikia mapanga. Mama yule hajarudi kuwa mama wa zamani, na hatutarajii arudi. Mume wake hatafufuka wiki hii, mtoto wake hatarudi mikononi. Tumaini tunalolisema haliwezi kuwa ahadi kwamba vitu vitarudi jinsi vilivyokuwa, maana ahadi hiyo ni uongo, na mtu aliyezika watu wawili anautambua uongo upesi kuliko shemasi.

Tena kuna jambo gumu kuliko hilo. Kambi ile iliyochomwa mwaka 2015 iliitwa Vumilia. Tumelifikiri sana jina hilo. Neno vumilia tunalitumia kila siku, na mara nyingi anayelisema ni yule asiyeumwa. Anayesema pole anakaa chini karibu nawe. Anayesema vumilia anaweza kulisema akiwa amesimama, akiwa njiani, hata akiwa ameshika panga mgongoni. Watu waliambiwa Vumilia, wakaivumilia njaa na mvua ya kambi, na moto ukawakuta humo. Na katika mji wetu walikuwapo watu waliosali siku ile na siku iliyofuata, wakitumaini kwa ajili yao na watoto wao, bila kuwatia wale majirani ndani ya tumaini hilo. Hatutaji mtu. Tunasema sisi, kwa sababu nasi tulikuwa hapa.

Kwa hiyo kama ni kweli kwamba tumaini hubebwa na watu, ulizo linalofuata ni: ya nani? Nkambo alichukua ya jirani aliye karibu. Je, ya yule ambaye kaka yake alimwua kaka yetu? Katika miaka iliyofuata baraza za amani zilianza kuwaketisha Batwa na Baluba pamoja katika vijiji, nusu kwa nusu, wazungumze habari ya mashamba, ya njia za soko, ya wasichana na mahari. Mahali pengine zimesaidia, mahali pengine zimekwama. Hatuwezi kuwaamuru waliofiwa wasamehe. Hilo lingekuwa neno la kilioni tena, kusimama na Biblia juu ya mtu aliye chini. Lakini sisi tusiofiwa kama wao, ambao tungali na nguvu ya mikono, tunaweza kubeba maji upande wa pili wa mji. Tumekwenda mara mbili. Mara ya kwanza walitutazama tu, na tuliona ni haki yao.

Alhamisi tulikwenda kwa mama na jibu. Tulimkuta uani, anamenya mihogo. Safari hii tuliacha Biblia nyumbani, Bwana atusamehe. Tukamwambia: "Mama, ulituuliza kama kukosa tumaini ni zambi. Jibu ni hapana. Siku ile ya kilio, zambi ilikuwa yetu, na tumekuja kuomba radhi."

Hakujibu mara moja. Alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi, akautia ndani ya maji. Kisha akasema: "Baba shemasi, umekawia." Akatuma mtoto alete kiti cha pili, na kisu.